Barua ya wazi kwa viongozi wa mji wetu: Wekeni mpaka wa kijito, kazi ya kukitunza tunaiweza

Kwa:
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji,
Mtendaji Mkuu wa Mji,
Afisa Mazingira,
na Waheshimiwa Madiwani wote.

YAH: ULINZI WA KINGO ZA KIJITO CHETU

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Ninaandika kwa niaba ya wakazi wanaoishi kando ya kijito kinachoanzia kwenye chemchemi za kilimani, kikapita nyuma ya soko, kikavuka chini ya barabara kuu, kikaingia kwenye mafunjo na mwisho kumwaga maji yake katika mto Malaba, mashariki mwa Uganda. Jina la mji na la kijito nimeyaacha kwa makusudi. Mnakijua, nasi tunakijua. Tunachotaka ni hoja zijibiwe, tusije tukaishia kubishana nani kamchafulia nani jina.

Msingeisoma barua hii hadharani kama zile za awali zingejibiwa. Tulifuata ngazi kama inavyotakiwa: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kisha parokia, yaani ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, kisha ofisi zenu. Tulipoambiwa kwamba malalamiko ya mdomo hayatoshi, tuliandika. Nakala tunazo, na kila moja ina muhuri wa kupokelewa. Baada ya muhuri ni kimya. Anayefuatilia huambiwa faili liko wilayani. Akifika wilayani huambiwa kwamba kingo za kijito kilicho ndani ya mji ni shauri la mji. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye wengi wenu mngemwita bibi, aliketi kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi hadi milango ikafungwa, akarudi nyumbani bila hata kuulizwa alichofuata. Jambo hilo liliwauma watu kuliko uchafu wenyewe, na ndilo lililotufanya tukubaliane kuandika kwa wazi.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu kijito hiki hakina kabila. Kwenye maji yake utawakuta Jopadhola, Iteso, Bagisu, Basamia na wafanyabiashara waliovuka kutoka upande wa Kenya, na lugha wanayosikilizana wote kwenye foleni ya jerikeni ni hii. Katiba yetu inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Basi kila anayeguswa na tunachowaambia naye asikie.

Mjue pia kwamba hatuji mikono mitupu. Kikundi chetu kimekuwa kikifanya kazi ya pamoja, ile ambayo ndugu zetu wa Buganda huiita bulungi bwansi. Tumezibua mifereji. Tumezungushia chemchemi ua wa miti ili ng'ombe wasikanyage jicho la maji. Tumepanda mianzi na mikuyu kwenye kingo, na matete pale udongo ulipokuwa ukimeguka. Vijana wa bodaboda walibeba miche bila malipo, na mzee mmoja akatoa sehemu ya shamba lake iwe kitalu. Posho hatujaomba. Tunaomba jambo moja, na yote yafuatayo yanatoka humo: wekeni mpaka wa kijito na muulinde kwa mamlaka mliyopewa na sheria. Kupanda na kusafisha tunaweza. Kumzuia mwenye lori hatuwezi.

1. Mpaka upo kwenye karatasi, ardhini haupo.

Kanuni za mwaka 2000 za usimamizi wa ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa hazina utata. Mito iliyoorodheshwa kwenye jedwali lake ina ukanda wa ulinzi wa mita 100. Mito mingine yote, mita 30. Kipimo kinaanzia pale maji yanapofika yakiwa yamejaa kabisa. Sisi hatubishanii mita 100. Chukueni kipimo kile kidogo, mita 30 kila upande, na kwa kila kilomita moja ya kijito mtapata hekta 6, karibu ekari 15, ambazo hazipaswi kujengwa wala kulimwa hadi ukingoni. Na mto wenyewe pamoja na ardhi oevu, kwa ibara ya 237 ya Katiba ya 1995, vinashikwa na serikali kuu au serikali ya mtaa kwa amana ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 inakazia hapo hapo: serikali hairuhusiwi kumkodisha wala kummilikisha mtu rasilimali hizo.

Sasa tembeeni nasi kando ya kijito mtuonyeshe mita 30 zilipo. Hakuna nguzo. Hakuna alama ya rangi juu ya jiwe wala kibao. Mtu anakuja na pesa aliyoihangaikia miaka mingi, dalali anamwonyesha kiwanja na kumwambia mpaka wako ni maji. Analipa, anachimba msingi. Akishajenga anageuka adui yetu na sisi adui zake, ilhali kosa ni la yule aliyepewa kazi ya kuonyesha mstari asiuonyeshe. Ugomvi huu umefika hadi ndani ya familia. Wapo ndugu wa tumbo moja hapa ambao hawasalimiani kwa sababu ya ukingo wa kijito. Nguzo ya zege fundi wa mtaani anaimimina kwa siku moja. Tunashindwa kuelewa kwa nini imekuwa kazi ya miaka.

2. Miche imefukiwa, na kibali hatujaonyeshwa hadi leo.

Chini kidogo ya barabara, mahali ambapo mianzi yetu ilikuwa imefika kimo cha kifua, malori ya tipa yalikuja usiku yakamwaga maramu na vifusi. Kulipokucha hapakuwa na mwanzi hata mmoja uliosimama. Baada ya hapo ukapanda ukuta wa matofali hadi kwenye maji. Tulipouliza tulitajiwa kibali chenye muhuri, lakini nakala hatukupewa. Tukaiomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, ambayo inataka mwananchi ajibiwe ndani ya siku 21. Siku hizo zimekwisha kitambo. Kwa hiyo tunauliza hapa, mbele ya watu: kibali kile kilitolewa na nani? Kilitanguliwa na ukaguzi gani wa mazingira? Na mwenye kiwanja aliambiwa lolote kuhusu mita 30?

Msiuone ule kuwa ukuta tu. Kijito kikibanwa upande mmoja hula upande wa pili. Upande wa pili kuna vyumba vya wapangaji, watu wasio na hati wala wakili, na tangu ukuta usimame ukingo wao umekuwa ukikatika kila mvua kubwa ikinyesha. Wamehamisha jiko, wamehamisha choo, sasa hawana pa kuhamishia kingine.

3. Machinjio na sehemu ya kuoshea magari.

Damu na samadi ya matumboni vinateremka kwa mfereji wazi moja kwa moja hadi kijitoni. Vitu hivyo vikioza majini vinamaliza oksijeni, viumbe vinakufa, maji yanageuka meusi na kunuka, na nzi wanafuata. Hatua chache chini yake watoto wanaoga, akina mama wanafua. Homa ya matumbo na kuhara si habari za mbali kwetu. Mbele kidogo, pale magari na bodaboda vinapooshwa, mafuta ya injini yanatandaza utando wa rangi juu ya maji.

Niseme wazi, kwa sababu tumewahi kusingiziwa: hatutaki vijana wanaoosha magari wafukuzwe. Wengi ni watoto wetu, na kazi ile ndiyo inayowalipia kodi. Tunataka wasogezwe nje ya mita 30, wapatiwe sakafu ya zege na chemba ya kutenga mafuta kabla maji hayajatoka. Machinjio nayo yachimbiwe mashimo ya kutuamisha uchafu, na samadi ipelekwe kwa wakulima wanaoitafuta.

Tena uchafu huu hauishii kwetu. Mto Malaba unapokea tunachomwaga, na maji ya mto huo ndiyo yanayosafishwa kwa ajili ya wakazi wa Tororo. Kutoka hapo yanaelekea Mpologoma, ziwa Kyoga, kisha Nile. Bonde letu, Sio-Malaba-Malakisi, Uganda na Kenya zimekuwa zikilishughulikia pamoja katika Mpango wa Bonde la Mto Nile, ambao makao yake yako Entebbe. Mipango mikubwa namna hiyo inaangushwa na mfereji mmoja ulioachwa wazi nyuma ya machinjio.

4. Takataka.

Gari la taka linapita barabara kuu tu. Huku ndani hakuna pipa wala mahali palipotengwa, kwa hiyo kaveera (mifuko ya plastiki), chupa na nepi vinaishia kwenye mifereji na kuziba kalvati. Mvua ikija, maji hupanda barabarani na kuingia madukani. Nchi hii iliona Kiteezi, jalala la jiji la Kampala, tarehe 10 Agosti 2024, lundo la taka lilivyoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Taka zisizosimamiwa zinaua, na hilo halihitaji kuelezwa zaidi.

5. Kilimani kunakoanzia kila kitu.

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo viongozi wengi hawafiki. Kila mafuriko yanapotokea mnakuja kukagua kalvati, mnapiga picha, mnaondoka. Lakini maji yale hayakuzaliwa kwenye kalvati.

Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu ni mvua ya alasiri moja tu ya msimu, ikinyesha juu ya hekta moja inaleta lita 500,000. Hizo ni jerikeni 25,000 za lita 20. Ardhi yenye miti, nyasi na majani yaliyooza hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia chemchemi polepole wakati wa kiangazi. Ardhi iliyolimwa kwa kufuata mteremko, au iliyofunikwa mabati na saruji, huyatupa mengi yake bondeni kwa muda mfupi. Ndiyo maana kijito chetu siku hizi kina tabia mbili: kinafurika kuliko zamani mvua ikinyesha, na kinakauka mapema kuliko zamani mvua ikikatika. Watu wanadhani ni mambo mawili tofauti. Chanzo ni kimoja.

Dawa inajulikana na wakulima wetu wanaijua: matuta ya fanya juu yanayokatiza mteremko, matete kwenye kingo za matuta, miti ya asili kuzunguka chemchemi, na mikaratusi isipandwe karibu na jicho la maji kwa sababu inakunywa mno. Wenye mashamba ya juu tulikaa nao, na wengi wamekubali. Wanachouliza ni haki: kwa nini mkulima mwenye robo ekari aambiwe aache ukanda wa kijito, huku mwenye ukuta kule chini ameruhusiwa kujenga majini? Swali hilo sisi hatuna jibu lake. Mnalo ninyi.

Kule mwisho wa bonde, mafunjo yanayochuja yote haya yanazidi kukatwa na kujazwa udongo. Mwaka 1994 ardhi oevu zilichukua zaidi ya asilimia 15 ya nchi yetu. Robo karne baadaye, zilizobaki nzima hazikufika asilimia 10. Kipande chetu ni kidogo katika hesabu hiyo, lakini ndicho tulichonacho.

6. Kamati ya mazingira ipo kwa jina.

Hatujui wajumbe wake, haijaitisha kikao tunachokifahamu, na mwakilishi wa wakazi wa kando ya kijito hayumo.

Waheshimiwa, majibu mtakayotupa tumeshayasikia kwenye korido, kwa hiyo tuyajibu mapema.

Mtasema bajeti haitoshi. Tunakubali kwamba pesa ni chache, ndiyo maana tumeomba nguzo na sahihi, hatukuomba ukuta wa mawe. Mchanga, kokoto na mikono ya kuchimba mashimo ya nguzo tutatoa sisi. Mpima ardhi ndiye hatuwezi kumtoa, na yeye yuko kwenye orodha yenu ya mishahara.

Mtasema wenye viwanja wana hati. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba hati zilizotolewa kinyume cha sheria ndani ya ardhi oevu baada ya 1995 zifutwe. Kwa hiyo hati peke yake haimalizi mjadala. Iletwe, ilinganishwe na kipimo, kila mtu aone.

Mtasema mkianza kusimamia sheria wataumia maskini. Hofu hiyo ni yetu pia, na ni kubwa kuliko yenu. Tuliona nyumba zikibomolewa kwenye ardhi oevu ya Lubigi, pembeni mwa Kampala, mwaka 2024, familia zikalala nje na vyombo vyao. Hatutaki buldoza lije kwetu. Tunataka mpaka uwekwe leo wakati waliomo ndani bado ni wachache, na walio maskini kati yao wapewe muda na mahali, kwa maandishi. Kuchelewa ndiko kutakakoleta buldoza. Na kama kuna wa kuanza naye, aanze mwenye ukuta, aliyemwaga maramu usiku; mama mwenye kibanda cha mabati kuukuu asiwe wa kwanza.

Mtasema wananchi wenyewe ndio wachafuzi. Wapo, na kikundi chetu kimekuwa kikiwaita mmoja mmoja na kuongea nao. Lakini jirani anayetupa ganda la ndizi mtoni hana kibali chenye muhuri mkononi.

Na wapo kati yenu wanaosema ni kijito tu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo mjini Mbale na zaidi ya watu 20 wakafa. Nabuyonga si mto mkubwa. Unapita katikati ya mji, watu wameuzoea, wamejenga kando yake, kama sisi.

Tunachoomba ni hiki.

Kabla ya mvua za Machi, pimeni mita 30 kila upande kutoka chemchemi hadi mafunjoni, na msimamishe nguzo wakazi wakishuhudia. Kuanzia leo hadi kazi hiyo iishe, asipewe mtu yeyote kibali kipya ndani ya ukanda huo, na orodha ya vibali vilivyokwisha kutolewa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi yenu, pamoja na kile cha ukuta.

Kitambueni kikundi cha wakazi kwa makubaliano ya maandishi. Sheria ya Maji ya nchi hii inaruhusu vikundi na vyama vya watumiaji maji. Hatuombi kitu kigeni. Makubaliano hayo yaseme nani anatunza kipande kipi, nani anaruhusiwa kukata mafunjo na kwa kiasi gani, na tukiripoti lori usiku tumpigie nani ambaye atakuja. Hilo la mwisho ndilo tunalolihitaji kuliko yote. Kikundi kipate pia viti viwili kwenye kamati ya mazingira, kimoja cha watu wa kilimani na kimoja cha watu wa bondeni.

Machinjio na waosha magari wapewe tarehe, si maonyo.

Tujibuni kwa maandishi ndani ya siku 30. Tusipojibiwa, tutapeleka faili lote kwa ofisi ya Kanda ya Kyoga ya usimamizi wa maji, na baada ya hapo mahakamani. Sheria ya Mazingira ya 2019 inasema maumbile yana haki ya kuwepo, kudumu na kurejesha uhai wake, na inampa mtu yeyote nafasi ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Tumeshaanza kuisoma pamoja, kifungu kwa kifungu, na vijana wetu waliomaliza shule wanawafasiria wazee. Hatusemi hivi kwa kutisha. Tungependa zaidi kuwaona kijitoni kuliko kizimbani.

Kikundi hukutana Jumamosi asubuhi kwenye chemchemi. Afisa atakayefika na futi ya kupimia atapokelewa vizuri, na mashimo ya nguzo tutaanza kuyachimba siku hiyo hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha wakazi wa kando ya kijito,
kwa niaba ya wanakikundi wote.

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Afisa Mazingira wa Wilaya
Wenyeviti wa LC1 wa vijiji vya kando ya kijito
Ubao wa matangazo, sokoni